Chumba cha Bei Nafuu Mwanza: Tafuta Kwanza Sababu ya Unafuu Wake

Hakuna mwenye gesti anayetoza nusu ya bei ya jirani yake kwa sababu ya huruma. Ama kuna kitu kingine kinachomlipa ile nusu iliyobaki, ama kuna kitu jirani anacho na yeye hana. Ndiyo maana ninapotafuta pa kulala Mwanza kwa fedha ndogo, kabla sijauliza bei huwa ninalitazama jengo na kujiuliza kwa nini hapa ni rahisi. Jibu likiwa kwamba chumba hakina kiyoyozi, au dirisha lake linatazama jiwe badala ya ziwa, au kimejengwa juu mlimani ambako gari halifiki, ninalipa bila kusita, maana hivyo vyote naweza kuvikosa na nikalala. Jibu likiwa ni baa iliyo chini ya dirisha, au umbali utakaonifanya nipande magari mawili kila asubuhi, najua kwamba bei iliyobandikwa ukutani haijakamilika. Iliyobaki nitailipa kwa usingizi au kwa nauli.

Tuanze na baa, kwa kuwa ndiyo chanzo cha kelele nyingi. Gesti nyingi za bei nafuu za katikati ya mji, na za Kirumba, Mabatini na Nyakato vilevile, zimeshikana na baa, na ukipiga hesabu utaona baa ndiyo biashara yenyewe. Chumba cha, tuseme, shilingi 20,000 kinauzwa mara moja tu kwa usiku. Meza moja ya watu wanne wanaokunywa na kula nyama choma inaweza kuingiza zaidi ya hapo kabla ya saa 4 usiku. Mwenye nyumba hawezi kupunguza muziki kwa ajili ya mgeni mmoja aliye ghorofani, na kwa upande wake ana haki ya kuona hivyo. Kuna wanaosema sheria ipo. Ni kweli ipo: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa kosa hilo. Lakini sheria hufanya kazi kwa wiki na miezi, nawe una usiku mmoja. Njia ya uhakika zaidi ni kutafuta nyumba ambayo mapato yake yote yanatokana na kulala. Mwanza zipo za aina mbili. Kwanza ni gesti zilizo jirani na Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wateja wake wengi ni ndugu wa wagonjwa, watu waliochoka wanaotaka kuoga na kulala. Pili ni hosteli na vituo vya makanisa, ambako pombe haiuzwi na geti hufungwa mapema. Utaambiwa kwamba sehemu hizo zina masharti. Zinayo, na masharti hayohayo ndiyo unayoyalipia.

Ukishaipata nyumba, kazi inabaki kwenye chumba, na hapa watu wengi huridhika na kuangalia shuka na bomba la maji tu. Muziki una sehemu mbili. Maneno ya mwimbaji na milio myembamba huzuiwa na ukuta na kioo, lakini besi hupita ukutani, kwenye nguzo na hata kwenye kitanda. Ndiyo sababu vizibo vya masikio, ambavyo wengine huvitaja kama dawa ya kila kitu, husaidia dhidi ya wapiga soga wa koridoni na havisaidii sana dhidi ya spika. Dhidi ya spika dawa ni umbali, na umbali hulipa haraka: mahali pa wazi, ukiwa mbali maradufu na chanzo, nguvu ya sauti inayokufikia hushuka hadi robo. Kusogea kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma kabisa cha jengo lilelile kunaweza kukuletea usingizi ambao kuongeza shilingi 10,000 kwenye chumba cha mbele hakuleti. Kisha tazama juu. Katika majengo ya zamani ukuta unaogawa vyumba huishia kwenye dari ya mbao nyepesi na hauendelei hadi kwenye bati, kwa hiyo kikohozi cha jirani hupanda juu ya dari na kushuka kwako. Gonga ukuta, ukisikia mlio wa debe tupu, ni ubao uliopakwa rangi. Uliza jenereta liko wapi na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi huwashwa saa ngapi, kwa sababu pampu nyingi huwashwa alfajiri kabla wageni hawajaamka kuoga. Uliza pia kama dirisha linafungika kabisa. Hili la mwisho lina uzito wa pekee Mwanza. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake haufanani na wa Dar es Salaam. Ukiwa na feni unaweza kufunga dirisha na ukalala. Kwa hiyo chumba chenye feni na dirisha zima kinakishinda kile chenye kiyoyozi kinachonguruma juu ya kichwa chako usiku kucha.

Wapo watakaosema suluhisho ni kwenda ufukweni, kwamba ziwani kumetulia. Mchana pengine. Usiku maji hayana ukuta, na sauti inayopita juu ya maji tulivu hufika mbali kuliko inayopita mtaani kati ya nyumba. Nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, hivyo usiku upepo hugeuka na kuvuma kutoka mjini kuelekea majini, ukibeba muziki wa mji hadi kwa aliyelipa zaidi ili atazame machweo. Na karibu na mialo kuna kelele za aina nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wavuvi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Wiki za giza, injini za mitumbwi na sauti za wachukuzi huanza kabla hakujapambazuka. Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wa dagaa na samaki hutoka hata Kongo na Rwanda, ni mahali pazuri mno pa kununua na pabaya kwa mtu mwenye usingizi mwepesi. Kalenda ya mwezi ni chombo cha kupangia malazi, ingawa sijaona mtu akiiweka kwenye ushauri wa safari.

Unafuu ninaoupenda kuliko wote ni ule wa mawe. Mwanza imejengwa juu na katikati ya miamba ya matale, na nyumba nyingi za milimani hufikiwa kwa ngazi au vichochoro. Gesti iliyo pale haiwezi kuwavutia wenye magari, haina sehemu ya kuegesha, na lori la bia halitaki kufika. Basi bei hushuka na kelele nazo hubaki chini. Hapa panahitaji jicho. Jiwe lililo kati yako na barabara ni ngao, lakini jiwe kubwa lililo ng'ambo ya barabara, likikutazama, hurudisha sauti kwako, na sauti ya bondeni hupanda. Kaa upande wa mlima usiotazama barabara kuu. Pingamizi lenye nguvu ni usalama: ngazi za giza saa 5 usiku hazifai kwa mgeni, na kwa mwanamke aliye peke yake sitajaribu hata kubishana. Kama shughuli zako zinaisha usiku, chumba cha mlimani hakikufai, tafuta kilicho nyuma ya jengo kando ya barabara yenye taa. Kwa anayerudi kabla ya giza, au mwenye simu ya mapokezi anayeweza kuomba kupokewa chini, bado ni biashara nzuri.

Sasa nauli, ambayo watu huipanga mwisho ilhali inapaswa kuchagua mtaa kabla ya chumba. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na mawe, na kwa hiyo inaishi kwenye barabara kuu tatu zinazokutana mjini. Barabara ya Kenyatta inashuka kusini kupitia Mkuyuni hadi Nyegezi, Mkolani na Buhongwa, njia ya Shinyanga. Barabara ya Nyerere inakwenda mashariki kupitia Mabatini na Nyakato hadi Igoma na Kisesa, njia ya Musoma. Barabara ya Makongoro inapanda kaskazini kupitia Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Zipo njia za kuunganisha pembeni, mfano ya Buhongwa na Igoma, lakini mgeni atajikuta akipita mjini na kubadili gari. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600. Chukua kiwango hicho: aliyelala barabara moja na shughuli zake analipa 1,200 kwenda na kurudi, aliyelala barabara nyingine analipa 2,400. Tofauti ya 1,200 kwa siku inaonekana ndogo, na mtu atasema chumba cha bei ya chini kwa 5,000 kinaifidia mara nne. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama binadamu angepanda daladala mbili kila mara. Hafanyi hivyo. Akiwa na mzigo, au mvua ikinyesha, au jioni magari yakijaa, mguu wa pili wa safari huusafiri kwa bodaboda. Tuseme boda ni 3,000: mara mbili tu na ule unafuu wa 5,000 umekwisha, na bado hatujataja saa nzima iliyopotea mjini.

Boda na bajaji siwapigi vita. Kwa watu watatu wenye mabegi, bajaji moja inaweza kulingana na daladala na kuwafikisha mlangoni. Wanachodai ni kwamba upatane kabla ya kupanda, na uijue bei kutoka kwa mtu asiyelipwa na safari hiyo: mhudumu wa gesti, mama ntilie, muuza vocha. Muulize "watu hulipa ngapi kutoka hapa hadi Pasiansi?" Usimuulize "boda ni bei gani?", kwani swali la pili linamwambia kwamba hujui. Na ulipe kwa noti ndogo, maana kukosa chenji nako hupandisha nauli.

Usiku wa mwisho uhesabiwe peke yake. Mabasi ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam yanatumia stendi ya Nyegezi, kusini. Ya Musoma na Tarime yanatumia Nyamhongolo, mashariki. Mabasi mengi ya masafa marefu huondoka saa 11 au 12 alfajiri, wakati daladala bado chache, hivyo aliyelala upande mwingine wa jiji hulazimika kulipa teksi, ambayo inaweza kula akiba yote ya siku zilizotangulia. Mimi huhamia upande wa stendi usiku wa mwisho, hata kama chumba cha huko ni cha bei zaidi kidogo. Nisifiche gharama yake: tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24, stendi hazilali tena, na honi za saa 8 usiku ni za kawaida. Kaa mwendo wa dakika kumi kutoka getini, mtaa wa nyuma, usikae mkabala. Anayekwenda Sengerema au Geita ana nafuu mpya: Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na foleni ya kivuko iliyowalazimu wengine kulala Mwanza ili wawahi asubuhi haipo tena. Safari ya siku moja kwenda na kurudi sasa inapangika, na usiku mmoja wa gesti unafutika kwenye bajeti.

Anayekwenda Bukoba naye anaweza kufuta usiku mmoja wa gesti. MV Victoria, iliyorejea kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, huondoka jioni na kufika asubuhi, kwa hiyo tiketi ya kitanda ni nauli na chumba kwa pamoja. Usiilinganishe na tiketi ya basi peke yake. Ilinganishe na basi ukijumlisha gesti. Ulizia siku za safari bandarini mapema, kisha urudi nyuma kupanga siku zako za mjini kwa kuifuata meli. Epuka pia siku ambazo jiji limejaa: wiki ya Nane Nane huko Nyamhongolo, na siku Simba au Yanga inapokuja kucheza na Pamba Jiji CCM Kirumba. Siku hizo mwenye gesti hana sababu ya kukupunguzia, na ukimwomba chumba cha nyuma atakupa kilichobaki. Siku za kawaida mambo hugeuka. Ukifika saa 9 alasiri na vyumba vingi viko wazi, omba kuonyeshwa viwili au vitatu, fungua na kufunga dirisha la kila kimoja, simama kimya dakika moja, na umwambie mhudumu: "Dada, nipe kile cha nyuma, na kwa siku tatu unipunguzie kidogo." Mara nyingi cha nyuma ndicho wageni wengine wanachokikataa kwa kukosa mandhari, na hapo ndipo penye nafasi ya kupatana.