Mvuto Usioonekana

Jumatano

Soma Waebrania 2:1 na Zaburi 139:23, 24. Mwandishi wa Waebrania anaonya juu ya hatari gani? Kwa nini Mtunga Zaburi anamwomba Mungu amchunguze?

Aprili 24, 1972, wanaanga wa Apollo 16 waliachilia setilaiti ndogo izunguke Mwezi, kwenye kimo cha kati ya kilomita 89 na 122. Kwa kuwa Mwezi hauna hewa ya kupunguza mwendo wake, ilitazamiwa kudumu muda mrefu. Lakini kabla ya wiki tatu kwisha ilikuwa ikishuka hadi kilomita 10 hivi kutoka ardhini. Kisha ikapanda tena, kana kwamba hatari imepita. Mei 29, baada ya kuzunguka mara 425, ikaanguka Mwezini.

Sababu ilikuwa ndani ya Mwezi wenyewe. Mwaka 1968 Paul Muller na William Sjogren waligundua kwamba chini ya baadhi ya mabaka meusi tunayoyaona Mwezini kuna miamba mizito kuliko ile ya kandokando. Kila setilaiti ilipopita juu yake, ilivutwa kidogo. Mvuto wa mara moja usingeiangusha. Ilianguka kwa kuvutwa tena na tena.

Setilaiti ya Apollo 15, iliyoachiliwa Agosti 1971, ilikutana na miamba hiyohiyo, lakini ilidumu zaidi ya mwaka. Njia yake iliinama digrii 28 hivi kutoka ikweta ya Mwezi. Ile ya Apollo 16 iliinama 11 tu. Baadaye ilieleweka kwamba karibu na digrii 27 mivuto hiyo husawazishana. Njia ndiyo iliyoleta tofauti.

Ni nadra mshiriki kuiacha imani kwa siku moja. Maombi yanaachwa leo, uchungu haujasamehewa kesho, na moyo unashuka pasipo mtu kujua. Kisha anaonekana kanisani Sabato moja, nasi tunasema amesimama, hatumtembelei tena. Setilaiti ile nayo ilipanda kabla ya kuanguka.

Tafakari: Ni jambo gani dogo linalojirudia katika wiki yako na kukuvuta chini? Je, umechagua njia gani ya kila siku ili usianguke?

Jadilini darasani: Ni nani tuliyedhani yu salama kwa sababu tu alionekana Sabato iliyopita? Pangeni atakayemtembelea wiki hii.