Mpangilio wa Kanuni na Kasi ya Programu

Msafiri atokaye Mwanza mjini hufika Usagara, katika Wilaya ya Misungwi. Hapo njia hugawanyika: moja yaenda Misungwi mjini hadi Shinyanga, nyingine yaenda Kigongo na, kupitia daraja lililofunguliwa mwaka 2025, Busisi. Maarifa haya yaweza kuandikwa katika Prolog, lugha ya mantiki iliyobuniwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972:

hufuata(mwanza, usagara).
hufuata(usagara, misungwi).
hufuata(misungwi, shinyanga).
hufuata(usagara, kigongo).
hufuata(kigongo, busisi).

Yaani, baada ya Mwanza hufuata Usagara, na kadhalika. Kisha huongezwa kanuni mbili. Alama :- husomwa "ikiwa", na mkato kati ya masharti husomwa "na":

mbele(A, B) :- hufuata(A, B).
mbele(A, B) :- hufuata(A, C), mbele(C, B).

Mwanafunzi aulize mbele(misungwi, busisi), yaani kama aliyekwisha kufika Misungwi ataikuta Busisi mbele yake. Kompyuta hujaribu Shinyanga, haioni kituo kingine, hujibu "hapana". Jibu ni sahihi: njia panda imeachwa nyuma, Usagara.

Sasa masharti ya kanuni ya pili yabadilishwe nafasi:

mbele(A, B) :- mbele(A, C), hufuata(C, B).

Kimantiki maana ni ile ile. Lakini Prolog husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ili kujibu, hujiuliza mbele(misungwi, C). Jibu lisipofaa, hujiuliza swali lile lile tena na tena, mpaka kumbukumbu ijae. Kompyuta yenye kasi zaidi itaijaza mapema zaidi tu. Basi sharti linalopunguza utafutaji na litangulie.

Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, yafundisha vivyo hivyo. Programu ya kujumlisha orodha, ikiacha kila namba isubiri jumla ya zinazofuata, hulimbikiza kazi zisizokwisha. Ikibeba jumla iliyokwisha kupatikana, vitafsiri vingi vya lugha hiyo huiendesha bila malimbikizo.

Zoezi: Rudisha kanuni ya pili kama ilivyokuwa mwanzo, kisha ongeza hufuata(usagara, mwanza). Kwa nini swali mbele(mwanza, bukoba) sasa halipati jibu kamwe? Rekebisha kanuni. Dokezo: msafiri abebe orodha ya vituo alivyokwisha kupita.