Betri ya Pikipiki Isilale Mlangoni

Dereva wa pikipiki ya umeme anarudi saa nne usiku, anachomoa betri, anaibeba hadi chumbani na kuichaji kando ya mlango, kwa kuwa soketi iko hapo. Chumba kizima hakina mahali pabaya kuliko hapo. Betri ya lithiamu ikilipuka moto, njia pekee ya kutokea ndiyo inayowaka. Jijini New York mwaka 2023, moto wa betri hizi, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme, uliua watu 18.

Ndani ya betri mna seli nyingi zilizobanana. Moja ikipata shoti, joto lake huunguza ya jirani, nayo huunguza inayofuata, na kimiminika kilichomo hugeuka gesi. Ule moshi mweupe unaofoka usidhani ni mvuke wa maji. Ni sumu, na ukijaa chumbani unaweza kulipuka.

Shoti hutokana na betri kuanguka, kuingia maji, au chaja isiyo yake. Hili la chaja ndilo madereva hulipuuza. Plagi ikiingia bila tabu, mtu hudhani mambo sawa, kumbe chaja ni ya volti 60 na betri ni ya 48, au ni ile ya betri ya asidi. Soma maandishi yaliyo kwenye vyote viwili. Na fundi wa mtaani anayefufua betri kwa seli za kompyuta kuukuu, ufundi wake naukubali, ila yangu simpi.

Chaji nje penye kivuli, juu ya sakafu ya saruji, betri ikishapoa. Ikivimba au kutoa harufu kali kama ya rangi ya kucha, isichajiwe tena. Wanaobadilisha betri vituoni, iwe Nairobi au Kigali, wamwambie mhudumu kama imeanguka njiani.

Wa pwani wana la ziada: maji ya chumvi hupitisha umeme. Baada ya kimbunga Ian, Florida, Septemba 2022, magari ya umeme yaliyozama maji ya bahari yaliwaka siku kadhaa baadaye. Gari lililozama likae mita 15 au zaidi kutoka nyumbani.

Moto ukianza, toka, funga mlango, piga 114 Tanzania au 999 Kenya, na useme ni betri ya lithiamu. Wazimamoto watahitaji maji mengi. Hata ikizimika, usiirudishe ndani. Inaweza kuwaka tena kesho yake.