Kromosomu ya 21 na Usahaulifu

Katika baiolojia twafundishwa kwamba mtu ana kromosomu 46. Mwenye hali ya Down anazo 47, kwani ile ya 21 ni tatu badala ya mbili. Jambo hili lilielezwa Ufaransa mwaka 1959.

Ndani ya kromosomu hiyo imo jeni ya protini ambayo kipande chake, amiloidi, hugandamana ubongoni na kufanya madoa. Jeni zikiwa tatu, amiloidi huzidi. Afikapo miaka 40, karibu kila mwenye hali hiyo anayo madoa hayo. Seli za ulinzi za ubongo huja kuyala. Yakizishinda, hubaki na hasira miaka mingi, na uvimbe wake hudhuru hata seli nzima. Ndio ugonjwa wa Alzheimer, ambao wengine huupata uzeeni.

Mjomba wangu, huku mitelemkoni mwa Meru, ana hali hiyo na umri wa miaka 44. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe na kurudi peke yake. Siku hizi hupotea migombani. Majirani wasema amerogwa. Mimi sikubali.

Dawa ya kuuponya Alzheimer haijapatikana. Lakini tezi ya shingo ikilegea, au masikio yakiziba, mtu huonekana msahaulifu vilevile, na hayo hutibika. Nimemwandikia mama tuanzie hapo, hospitali ya Mount Meru, likizo ya Desemba.