"Quite good": sifa au shaka?

Swali: Mhadhiri wangu, Mwingereza, ameandika kwenye insha yangu "quite good". Je, amenisifu?

Jibu: Kiasi tu, ndugu yangu. Kwa Mwingereza, "quite" kwa kawaida hupunguza makali ya sifa inayopimika kwa viwango, kama uzuri au ukubwa. Kwa Mmarekani, huiongeza. Utasema basi Waingereza hupunguza kila kitu. Sivyo: hao hao husema "quite impossible" wakimaanisha haiwezekani kabisa, kwa kuwa jambo lisilo na nusu halipunguziki. Na maana hiyo ya "kabisa" ndiyo kongwe; ya "kiasi" ilizuka baadaye. Sauti nayo huamua. Mwingereza akikaza "quite", sifa hushuka. Akikaza "good", hupanda. Maandishi hayana mkazo huo, kwa hiyo pima alama alizokupa na masahihisho ya pembeni.