Somo la Mwezi: Kijana Mwenye Gitaa na Mzee Mwenye Mkate

Katika somo hili twapenda kuzungumza juu ya hamu moja ambayo wengi wetu tulikuwa nayo ujanani. Ni hamu ya kumfikia mtu tunayemstahi sana katika kazi yake, tukafanya kazi ile pamoja naye, hata kama ni kwa siku moja tu. Seremala mchanga anayo, mwalimu mpya anayo, na kijana anayejifunza kinanda cha kanisa anayo. Tutaitazama kwa kufuata habari za mpiga gitaa mmoja wa Marekani aitwaye Buddy Guy, na mzee aliyetamani kupiga pamoja naye, Muddy Waters.

Huenda wengine watashangaa kuona habari za wapiga gitaa wa vilabuni katika kurasa hizi. Muziki wao huitwa bluzi. Ulianza kwa Watu Weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa, waliolima pamba katika mashamba yasiyo yao. Wakristo wengi wa huko waliuita muziki wa Shetani, kwa sababu uliimbwa Jumamosi usiku penye pombe. Hata hivyo Son House, ambaye Muddy Waters alimtazama kama mwalimu wake, alikuwa amehubiri kanisani kabla ya kushika gitaa, na katika kuimba kwake sauti ya mhubiri haikutoka. Ubishi huo hatutaukata hapa. Tunachotaka kutazama ni jinsi kijana na mzee walivyokutana.

Buddy Guy, ambaye jina lake hasa ni George, alizaliwa tarehe 30 Julai 1936 huko Lettsworth, katika jimbo la Louisiana. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kugawana mavuno: shamba ni la bwana, jasho ni lao, na siku ya kugawana, madeni ya mbegu na chakula yalikula sehemu kubwa ya fungu lao. Katika nyumba ya namna hiyo gitaa halinunuliwi. Basi mtoto huyo alichomoa nyuzi katika wavu wa kuzuia mbu madirishani, akazifunga kwenye ubao, akaanza kupiga. Tunaweza kuwaza mama yake alisema nini mbu walipoanza kuingia! Baadaye baba yake alimpatia gitaa kuukuu lililobakiwa na nyuzi mbili. Wimbo wa kwanza alioweza kuupiga sawasawa ulikuwa wa John Lee Hooker, nao aliupata kwa kusikiliza tu.

Alipokuwa kijana alikwenda mji wa Baton Rouge, akafanya kazi za mikono katika chuo kikuu cha jimbo. Usiku alipiga gitaa. Katika santuri na redio alimsikia Muddy Waters, naye alijua kwamba mzee huyo yuko Chicago, mji wa kaskazini wenye viwanda na baridi kali. Muddy mwenyewe alikuwa ametoka mashambani Mississippi, akahamia Chicago mwaka 1943. Mchana alifanya kazi za kibarua, usiku akapiga muziki. Wakati huo mkubwa wa bluzi pale mjini alikuwa Big Bill Broonzy, naye alimpokea mgeni huyu na kumfungulia njia. Mwaka 1960, Broonzy akiwa amekwisha kufa, Muddy alitoa santuri nzima ya nyimbo za mzee huyo. Tukumbuke jambo hilo, kwa maana litatusaidia kuelewa yanayofuata.

Tarehe 25 Septemba 1957 Buddy Guy alifika Chicago. Alikuwa na miaka 21, ana gitaa, na hana mwenyeji wa kumtegemea. Fedha kidogo alizokuja nazo zilikwisha, wala kazi hakupata. Kama anavyosimulia mwenyewe, ilifika siku ya tatu hajatia kitu tumboni, naye akaanza kufikiri namna ya kurudi kwao. Wengi wetu twajua siku ya namna hiyo katika mji mgeni, siku ambayo mtu huona aibu kuandika barua nyumbani.

Hapo mtu asiyemjua akamkuta na gitaa lake, akamchukua mpaka klabu iitwayo 708, katika mtaa wa 47, upande wa kusini wa mji. Otis Rush, mpiga gitaa aliyekuwa akitumbuiza usiku ule, alimruhusu kupanda jukwaani. Kijana akapiga kama mtu asiye na cha kupoteza. Watu wakashangilia, na mtu mmoja akampigia simu Muddy Waters aje kumsikiliza.

Muddy akaja. Je, alifanya nini? Hakuanza kwa kumsifu, wala kwa kumwuliza amejifunza wapi. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba kijana huyu ana njaa. Alikuja na mkate na soseji ile inayoliwa baridi, iitwayo salami, akamketisha garini, akamwambia ale. Buddy Guy amekisimulia kisa hiki mara nyingi katika maisha yake, na husema kwamba alipotambua ni nani anayemlisha, aliona njaa imemwisha. Lakini mzee alisisitiza ale kwanza.

Wale wanaosoma kwa vikundi wasimame hapa kidogo, wajiulize: kijana anapotujia na kipawa chake, huwa tunatazama nini kwanza? Twaona aibu kusema kwamba katika kwaya zetu tumewahi kumsahihisha kijana sauti yake mwaka mzima bila kujua kama hula kitu kabla ya kuja kwenye mazoezi. Na vijana nao wajiulize: kama mtu unayemstahi angekupa mkate badala ya nafasi, ungeuona kuwa ni kitu, au ungenung'unika?

Maana usiku ule Buddy Guy hakupewa kiti katika bendi ya Muddy Waters. Alipata tumaini la kubaki Chicago, basi. Mwaka uliofuata, 1958, alirekodi santuri yake ya kwanza katika kampuni ndogo ambayo haikudumu. Halafu, kuanzia mwaka 1960, akawa mpiga gitaa wa kuitwa katika studio ya kampuni ya Chess, ambako Muddy Waters alirekodi. Kwa miaka kadhaa alipiga nyuma ya waimbaji wengine, na mchana aliendesha lori la kuvuta magari mabovu. Jukwaani alikuwa mtu wa makelele na vituko. Alikuwa na waya mrefu sana wa gitaa, akitembea nao katikati ya watu na kutoka mpaka barabarani huku akipiga. Jambo hilo aliliiga kwa mpiga gitaa mwingine aliyempenda, Guitar Slim. Mwenye kampuni hakuupenda upigaji huo, akauona ni fujo tupu.

Kisha ukaja mwezi Septemba 1963. Kampuni ilitaka Muddy arekodi kwa namna ya kizamani, kwa magitaa yasiyotumia umeme, jinsi alivyopiga zamani Mississippi. Palihitajika mpiga gitaa wa kukaa kando yake. Buddy Guy husimulia kwamba wakubwa wa kampuni walifikiria kutafuta mzee fulani huko Kusini, lakini Muddy akamtaja yeye, nao wakashangaa, maana walimjua kwa makelele yake. Santuri hiyo, iitwayo Folk Singer, ilitoka mwaka 1964. Pamoja nao walikuwamo Willie Dixon kwenye besi na Clifton James kwenye ngoma.

Aliye na nafasi ya kuisikiliza aisikilize kwa makini. Muddy anaimba kwa sauti ya chini, mara nyingine karibu kunong'ona, na mahali pengine ananyamaza kabisa. Katika kimya kile gitaa la kijana linajibu kwa noti mbili tatu, kisha linaacha. Kijana aliyetembea barabarani na waya wake, sasa anangoja. Hajaribu hata mara moja kumpita mzee, wala hajifichi. Sisi tunaona hilo ni gumu kuliko vituko vyote vya jukwaani, maana mtu aliyengoja miaka 6 kupata nafasi kama ile angeshawishika sana kuonyesha yote anayoyajua.

Kuna jambo moja la huzuni katika habari hizi, nalo ni la mama yake. Alikuwa amepata ugonjwa wa kiharusi kabla mwanawe hajaondoka. Ili kumfariji, Buddy alimwambia kwamba atafanikiwa huko kaskazini, na siku moja atarudi na gari la Cadillac lenye madoadoa. Alijua wakati ule kwamba anasema uongo. Mama alikufa mwaka 1968 bila kumwona mwanawe akipiga mbele ya watu. Ndiyo sababu gitaa ambalo watu wengi humtambua nalo lina rangi nyeusi yenye madoa meupe.

Muddy Waters alikufa tarehe 30 Aprili 1983. Mwaka 1989 Buddy Guy alifungua klabu yake mwenyewe ya bluzi, iitwayo Legends, pale pale Chicago.

Mwaka 2007 alikwenda kutumbuiza katika mji wa New Bedford, Massachusetts. Mtoto mmoja wa mji ule, Quinn Sullivan, mwenye umri wa miaka 8, aliletwa nyuma ya jukwaa akiwa na gitaa lake dogo, ili mzee alitie sahihi. Mzee alimsikiliza kidogo akipiga, akamwambia akae tayari. Katikati ya onyesho akamwita jukwaani mbele ya umati wote, akapiga naye, na mara kwa mara akanyamazisha gitaa lake ili la mtoto lisikike. Mwaka uliofuata mtoto yule alipiga gitaa katika rekodi ya Buddy Guy iitwayo Skin Deep.