Kazi ya Daktari wa Nyuklia, na Rovu la Bibi Yangu

Mwaka huu nimo katika darasa la mwisho, na kila mmoja wetu ameulizwa ataje kazi anayotaka kuisomea. Mimi niliandika: daktari wa tiba ya nyuklia. Wenzangu wa bwenini walicheka sana. Mmoja alisema, "Huyu anataka kututengenezea bomu hapa Kigali!" Basi nimeona yafaa niwaeleze kazi hiyo ni kazi gani, maana wengi wetu tukisikia neno nyuklia twafikiri juu ya kuua tu, wala hatufikiri juu ya kuponya.

KWANZA: TIBA HII NI NINI?

Mwajua kwamba tangu mwaka 2019 hospitali ya jeshi iliyo Kanombe hutibu saratani kwa mionzi. Hapo mashine husimama nje ya mgonjwa, na mionzi humwingia kutoka nje. Tiba ya nyuklia ni kinyume chake. Mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi, ainywe au adungwe sindano. Dawa husafiri mwilini hata ifike mahali pake, na mionzi hutoka ndani kuja nje. Ndipo daktari huweka kamera ya namna ya pekee, akaona dawa imekusanyika wapi. Kamera ya namna hiyo ilibuniwa na Hal Anger huko California katika miaka ya 1950. Picha ya eksirei yatuonyesha umbo la kiungo, lakini picha hii yatuonyesha kazi ya kiungo. Ni sawa na tofauti ya kuitazama nyumba kutoka njiani, na kujua kama jikoni mna moto.

Aliyeanzisha wazo hili ni George de Hevesy, mzaliwa wa Budapest. Mwaka 1923 alitia madini ya risasi yenye mionzi katika maji ya mimea ya maharagwe, kisha akapima yamefika wapi: mizizini, shinani au majanini. Alifanya kama mchungaji afungaye kengele ng'ombe mmoja tu. Akiisikia kengele, ajua kundi zima li wapi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Naye daktari Saul Hertz wa Boston, mwaka 1941, alimpa mgonjwa wa tezi ya koo iodini yenye mionzi ili kumtibu. Tezi hiyo hupenda iodini kuliko kiungo kingine chochote, kwa hiyo dawa ilikwenda yenyewe mahali palipotakiwa.

PILI: DAWA HIZO HUPATIKANAJE?

Hapa pana hesabu kidogo. Kila dawa ya mionzi ina muda wake wa kupungua nusu. Iodini 131 hupungua nusu kwa siku 8. Tekneti 99m, itumiwayo zaidi kuliko zote kwa kupiga picha, hupungua nusu kwa saa 6 tu. Ikiwa saa 12 asubuhi unayo mafungu 100, saa 6 mchana yamebaki 50, saa 12 jioni 25, na saa 6 usiku 12 na nusu. Basi itasafirishwaje kutoka ng'ambo nayo inayeyuka njiani kama barafu?

Jibu lake litawapendeza watu wa nchi hii ya ng'ombe. Hawasafirishi tekneti, husafirisha mama yake, aitwaye molibdeni 99, ambaye hupungua nusu kwa saa 66. Mama hukaa ndani ya chombo cha risasi, naye huzaa tekneti siku zote. Kila asubuhi hupitishwa maji ya chumvi chomboni, nayo hutoka na tekneti. Wataalamu wenyewe hukiita chombo hicho ng'ombe, na kazi hiyo huiita kukamua! Ng'ombe huyo hukamuliwa kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hukauka.

Lakini florini 18, itumiwayo kuitafuta saratani, haina ng'ombe wa namna hiyo, nayo hupungua nusu kwa dakika 110. Kwa hiyo hapana budi itengenezwe karibu na mgonjwa, kwa mashine iitwayo saiklotroni. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza kutumia mashine hiyo mwaka 2018.

TATU: KWA NINI DAKTARI AWE PIA MWALIMU NA MTAFITI?

Daktari wa chuo kikuu ni kama chungu juu ya mafiga matatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Ukiondoa figa moja, chungu humwagika. Mfano wangu hautoki mbali. Unatoka kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, ambacho watu wa Karongi hukiona kwa macho.

Katika miaka ya 1960 madaktari kutoka Brussels, miongoni mwao André Ermans na François Delange, walikuja Idjwi kuchunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya koo. Kaskazini ya kisiwa, watu wengi sana walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache. Kisiwa kimoja, ziwa moja: kwa nini?

Kila mtu angejibu: iodini imekosekana. Wao hawakukubali mpaka wapime. Waliwapa watu iodini yenye mionzi kidogo, wakaweka chombo mbele ya shingo, wakahesabu tezi imechukua kiasi gani. Tena wakapima mkojo. Wakaona kwamba iodini ilikosekana pande zote mbili. Basi ukosefu peke yake haukuweza kuwa jibu, maana kama ungekuwa jibu, kusini nako kungejaa marovu.

Ndipo walipotazama chakula. Watu waliokula muhogo wa kaskazini, tezi zao zilichukua iodini kidogo kuliko kwanza, na nyingine ikapotea katika mkojo. Sababu ni hii: muhogo una sumu ya sayanidi, na mwili, katika kuivunja sumu hiyo, hutengeneza kitu kiitwacho thiosayaneti, ambacho huizuia iodini mlangoni mwa tezi. Kwa hiyo ukosefu wa iodini ulikuwa kuni, na muhogo ukawa upepo. Makala yao ilichapishwa mwaka 1971. Madaktari hao hawakuishia kupima: watu wa kisiwa walidungwa mafuta yenye iodini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu. Baadaye Delange aliongoza baraza la kimataifa la kupiga vita upungufu wa iodini.

Nasi tujue kwamba muhogo ukilowekwa siku kadhaa kisha ukaanikwa vizuri, sumu nyingi hutoka. Tena chumvi yenye madini joto ndiyo hiyo iodini yenyewe.

NNE: HABARI YA NYUMBANI KWETU

Bibi yangu alizaliwa Idjwi, upande wa kaskazini, akaolewa huku Rwanda. Ana rovu tangu usichana wake. Mdogo wake alizaliwa bubu, hasikii, na hakurefuka. Jamaa walisema mama yao alilaaniwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mama huyo aliishi miaka mingi peke yake katika nyumba ya pembeni, akafa vivyo hivyo, wala watu wengi hawakuja kumzika.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa bibi nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba mama mjamzito akikosa iodini, ubongo na masikio ya mtoto huweza kuharibika tumboni. Nilimwambia pia kwamba siwezi kuapa ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wake, maana hakuna aliyempima. Bibi alikaa kimya kitambo, akagusa shingo yake, kisha akasema, "Mjukuu wangu, basi mama yangu hakuwa na kosa." Nikajibu, "Hapana, bibi." Akaniambia nirudie tena, mbele ya baba na mjomba. Nikarudia.

Wenzangu, ndiyo maana nimeichagua kazi hii. Njia yake ni ndefu: Fizikia, Kemia na Biolojia hapa shuleni, kisha udaktari, kisha ubingwa, na mtu hushika chaki ya chuo kikuu baada ya miaka zaidi ya kumi. Huenda nisifike. Lakini mtu aliyepima shingo za watu kisiwani ameondoa laana ambayo hakuijua, katika nyumba ambayo hakuingia. Ninyi wa madarasa ya chini, msiikimbie Fizikia kwa sababu ya hesabu zake. Chukueni kalamu sasa hivi mjibu swali hili: ng'ombe wa molibdeni akifika Kigali Jumatatu saa 12 asubuhi, nguvu yake itabaki nusu siku gani, na saa ngapi?